Mwaka Niliokuwa Mashine ya Wajina Wangu

Mwaka ule tulikula maparachichi yaliyokataliwa. Muulize mtu yeyote wa Ilomba hapa Mbeya aliyekuwa na meno wakati ule, atakuambia hivyohivyo. Watu walikuwa wamepanda miparachichi kila penye udongo, wanunuzi wakaja na magari yao, wakachagua makubwa na mazuri, na yaliyokuwa madogo au yenye kovu wakayaacha kwenye viroba kando ya barabara. Nani atupe chakula? Tukayala na ugali, tukayala na makande, tukayaponda na chumvi na pilipili tukapaka kwenye viazi vya kuchemsha. Watoto walipochoka kuyala wakaanza kupakana kichwani. Mama Eliza, jirani yangu tunayegawana naye ukuta, alisema nguruwe wake kanenepa mpaka anakoroma kama mume wake wa kwanza. Tarehe siziweki hapa. Parachichi linatosha.

Nimeanza kuandika kwa sababu Krismasi iliyopita mjukuu wangu alikuja nyumbani na wenzake wanne wa kazini. Vijana wazuri, wanakula bila kubembelezwa. Walikaa sebuleni kwangu, kwenye makochi yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na mmoja wao, binti mwenye miwani, akaniambia, “Bibi, sisi tunakujua siku nyingi. Jina lako lipo ukurasa wa mwanzo wa programu yetu.” Nikamuuliza, limeandikwa kwa herufi kubwa? Akasema kubwa. Basi nikamwongeza nyama. Wakataka niwasimulie mwaka ule, nikasimulia mpaka chai ikapoa vikombeni, na yule binti akasema, “Bibi, haya uyaandike.” Nimenunua kaunta buku na ninaandika. Mimi niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nililimaliza kwa kuburuzwa. Nasoma kwa kidole. Kidole kikifika ndipo na mimi ninafika. Zamani niliona aibu kwa jambo hilo. Sasa sioni, na sababu ni mwaka ule.

Kwanza mjue kwamba mimi naitwa Tumpe na mjukuu wangu naye anaitwa Tumpe. Kwetu majina hurudi kwa wajukuu. Mama yake alimpa jina langu siku aliyozaliwa, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka alipoanza kunikataa kwa mateke. Mimi namwita wajina. Yeye huniita Bibi, ila akiwa na furaha na yeye huniita wajina. Alimaliza chuo, hesabu na kompyuta, akarudi Ilomba na begi moja na kompyuta moja iliyopasuka pembe, akaomba chumba cha stoo. Nikahamisha magunia ya mahindi upande mmoja, nikampa meza ya cherehani yangu iliyokufa. Pale ndipo alipokaa mwaka mzima. Ukipita mlangoni ulimwona na koti zito na kitenge changu miguuni, maana baridi ya huku mwezi wa sita haina huruma na msomi, mkono mmoja unaandika, mkono mwingine unatafuta sahani bila kuitazama. Nilikuwa nasogeza sahani makusudi nione mkono utafanya nini. Ulikuwa unapapasa meza kama kuku kipofu.

Mama Eliza hakuweza kuvumilia. Kila asubuhi alikuja kuomba moto wa mkaa, na moto wenyewe alikuwa nao. “Bibi Tumpe,” ananiambia kwa sauti ya kusikika stoo, “huyu msomi wako bado amechumbiwa na kompyuta? Mahari italetwa lini?” Nami namjibu, “Subiri na wewe. Eliza wako alikaa tumboni miezi kumi, nani alikuuliza?” Tunacheka. Lakini akiondoka na mkaa wake mimi nilibaki jikoni nikijiuliza swali lilelile. Siku moja nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia, nikamwambia, “Wajina, niambie unachofanya kwa maneno ya kuelewa mtu anayepika.”

Akageuza kiti. Akaniambia anatengeneza kihakiki. Watu wa hesabu, alisema, hawatoi jibu tu. Wanatakiwa waonyeshe kwa nini ni kweli, mstari kwa mstari, na maandishi hayo yanaitwa uthibitisho. Shida ni kwamba mtu anaweza kukosea mstari mmoja katikati na asione, na mwalimu naye asione, kwa sababu wote wawili wanajua wanakotaka kufika. Kihakiki chake kinasoma kila mstari na kuuliza jambo moja tu: huu umetoka kwenye mistari gani ya juu, na kwa kanuni ipi? Ukiwa na haki unageuka kijani. Usipokuwa nayo unageuka mwekundu, na yote ya chini yake yanasimama.

“Sasa kinakaa wapi hicho?” nikauliza. “Mtu anakinunua?”

“Hanunui, Bibi, wala hapakui kitu. Kinafunguka kwenye kivinjari. Hapo unapobonyeza ukitaka kutazama kwaya zako.”

“Kwenye simu yangu hii ya tachi?”

“Hiyohiyo. Mwanafunzi wa kijijini Idodi anakifungua mara moja kwenye simu ya shangazi yake, halafu hata bando likiisha kinaendelea kufanya kazi.”

Nikaitazama simu yangu. Niliiheshimu kidogo siku ile.

Jambo lililonivutia zaidi ni alipobandika karatasi ukutani. Alitembea mpaka steshenari moja ya Iyunga, akachapisha kurasa kumi na mbili, akazipanga juu ya magunia yangu. Akasema programu yote ni kubwa, ina vitufe na rangi na mapambo, lakini sehemu inayoamua kijani au nyekundu ni kurasa zile kumi na mbili tu. Ameifanya ndogo makusudi, ili mtu mmoja aweze kuisoma yote na kusema ninaiamini. “Ni kama nyumba,” alisema. “Wageni wanaona sebule, lakini mwizi anapimwa na komeo la mlango.” Nikamwambia hilo nimelielewa bila chuo.

Halafu siku moja, tunamenya viazi, akasema neno lililoniuma. “Bibi, nakuhitaji kwenye kazi. Nataka mtu wa kufanya kwa mkono kile kinachofanywa na kompyuta, nione kama majibu yanalingana. Na awe mtu asiyejua hesabu kabisa.”

Nikaweka kisu chini. “Umezunguka Mbeya yote kumtafuta mjinga, ukamkuta kwenye nyumba unayolala?”

“Si hivyo, Bibi!”

“Ni hivyo. Menya viazi vyako.”

Alinibembeleza siku mbili. Alinieleza kwamba mtu anayejua hesabu ni mbaya kwa kazi hiyo, maana anaona shimo na analiruka bila kujijua. Mashine hairuki kwa sababu haielewi. Alitaka jicho lisiloruka. Siku ya tatu nikasema leta. Si kwamba uchungu ulikuwa umeisha. Nilikuwa nimemsikia kupitia ukutani akiongea na rafiki yake kwenye simu. Alikuwa amealikwa Iringa, kwa walimu wa hesabu wa sekondari, aende akawaonyeshe kihakiki. Wakikipokea wangempa nafasi ya kukaa nao, kukimalizia na kukipeleka shuleni. Wasipokipokea, alisema, “naacha. Nimekula kwa bibi yangu mwaka mzima. Nitachukua mwavuli nikasajili laini za simu stendi kama wenzangu.” Alisema taratibu, bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto wangu huyu akilia najua la kufanya.

Basi nikawa mashine. Alikata boksi la sabuni akatengeneza kadi, kila kadi kanuni moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Kadi moja ilisema: jina moja ndani ya mstari mmoja ni mtu mmoja. Nyingine ilisema: likisemwa kwa kila mtu, unaruhusiwa kulisema kwa yeyote utakayemtaja. Zilikuwa kumi na saba. Nilikaa kwenye stuli karibu na jiko, miwani puani, kadi kwenye ungo, karatasi ya mistari mapajani. Kidole kinashuka. Mstari wa tatu, umetoka wapi? Umeandikwa: wa kwanza na wa pili, kadi ya tano. Natafuta kadi ya tano, nalinganisha neno kwa neno, naweka alama. Ikigoma naandika kigomo, ndivyo tulivyoita alama ya kukataa. Maharage yaliungua mara mbili. Mama Eliza akaja kuomba mkaa akanikuta nimeinama, akasema, “Wewe na hesabu wapi na wapi?” Nikamwambia, “Usinipoteze, niko mstari wa sita.” Alikaa chini kwa mshangao. Na mimi nitasema ukweli: sijawahi kufurahi vile. Maisha yangu yote watu walinihimiza nisome haraka. Hapa palikuwa na mtu aliyeniomba nisome polepole.

Kwa kuwa herufi za hesabu zilinichanganya, wajina alikuwa ananiandikia mazoezi kwa watu. Wiki ile ya mwisho kabla ya Iringa alinipa ukurasa mfupi. Kompyuta ilikuwa imeshaupitisha, wote kijani. Mstari wa kwanza ulisema: kwa kila mtu, yupo Tumpe aliyembeba mgongoni. Jina Tumpe hapo ni la kuazima tu, maana hatujui nani alimbeba nani, lazima tumwite kitu. Mstari wa pili ulitumia ile kadi ya kila mtu, ukamtaja Tumpe, ukasema: yupo Tumpe aliyembeba Tumpe mgongoni.

Kidole changu kikasimama. Nikachukua kadi ya kila mtu, ikakubali. Nikachukua kadi ya jina moja. Jina moja ndani ya mstari mmoja ni mtu mmoja. Basi huyu aliyebeba ndiye aliyebebwa. Mtu amejibeba mwenyewe mgongoni! Nikajaribu kumwona huyo mtu, nikashindwa. Nikarudia tangu juu. Nikarudia tena. Niliandika kigomo kwa penseli, halafu, Mungu anisamehe, nikakifuta.

Nilikifuta kwa sababu ilikuwa Alhamisi na safari ilikuwa Jumatatu. Nilijiambia mimi ni nani, darasa la nne, niseme kompyuta imekosea. Nilijiambia mtoto amechoka. Nikapika. Nilipika wali siku isiyo ya wali, na wajina akala akacheka akasema, “Leo kuna nini, wajina? Umeposwa?” Kisha akasema kitu kingine, mdomo umejaa: “Unajua, nikiona alama yako tu natulia. Kompyuta naweza kuitilia shaka. Wewe sikutilii.” Nikanywa maji, nikatoka nje, nikasimama kwenye mchicha kama mtu aliyesahau alichofuata. Ijumaa asubuhi, uji ukiwa mezani, nikamwekea ule ukurasa mbele yake.

“Huu umegoma,” nikamwambia. “Na jana nilijua.”

Akausoma mara moja, akatabasamu. “Lakini Bibi, ni kweli. Si wewe ulinibeba? Tumpe alimbeba Tumpe.”

“Mimi nilikubeba wewe, na mgongo wangu unakumbuka. Lakini karatasi haisemi hivyo. Kadi yako inasema jina moja, mtu mmoja. Karatasi inasema yupo mtu aliyejibeba.”

Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaliacha. Akausoma tena, na safari hii alisoma kwa kidole. Alikuwa amepita pale mara mia asione, kwa sababu nyumbani kwetu jambo lile ni la kweli, na kweli ya nyumbani ilikuwa imeziba uongo wa karatasi. Akaenda kwenye zile kurasa kumi na mbili ukutani, akaweka kiganja kwenye ukurasa wa saba, akasema kwa sauti ndogo, “Ikipitisha uongo mmoja, Bibi, inaweza kupitisha wowote.” Halafu akakaa juu ya gunia la mahindi akalia. Nilishukuru. Kulia ninakujua. Nilimkamata kichwa nikakiweka tumboni kwangu, nikamwacha alie mpaka uji ukaota ngozi.

Dawa yake, alivyonieleza baadaye, ilikuwa ndogo: kabla mtu mpya hajaingia kwenye mstari, yule wa ndani mwenye jina la kuazima apewe jina jingine, wasije wakagongana mlangoni. Kuieleza ni rahisi. Kuiandika kulichukua Ijumaa yote na Jumamosi yote, na Jumapili tulirudia mazoezi yote ya mwaka, yeye na kompyuta, mimi na ungo wangu, hatukwenda kanisani. Mchungaji alinuna. Mimi nilimwambia tulikuwa tunapinga uongo, akashindwa pa kushika. Wajina hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilikaa kimya siku ile ya Alhamisi. Angeniuliza ningepona mapema. Nimeubeba ule wali na kicheko chake mpaka leo, na kama kuna jambo mwaka ule ulinifundisha, ni jinsi upendo unavyoshika kifutio haraka kuliko penseli.

Tukaenda Iringa wote wawili, alisema hawezi kwenda bila mimi. Nawaambia mapema ili msisome kwa kuogopa: nafasi aliipata, na mzee nitakayemtaja sasa ndiye aliyeandika barua ya kumpa, akaja kuwa rafiki yetu, akawa kila mwaka ananitumia gunia la viazi vya Iringa kana kwamba Mbeya hatuna. Lakini asubuhi ile mimi sikuyajua hayo, na wajina hakuyajua.

Darasa lilikuwa na madirisha makubwa na baridi safi ya mlimani. Walimu walikuwa kama kumi na watano. Tulipewa chai ya maziwa, maandazi na karanga za kukaanga. Mbele kabisa alikaa Mwalimu Mgaya, mzee aliyestaafu, suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Nusu ya walimu mle alikuwa amewafundisha yeye, na wote walikuwa wanatazama uso wake kabla ya kucheka au kutocheka. Akanijia akaniamkia kikwao, “Kamwene, bibi,” nikamshukuru kikwetu, “Ndaga,” tukapendana papo hapo. Wajina akaonyesha kazi yake ukutani kwa taa ya kurushia picha. Watu wakawa wanatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha Mwalimu Mgaya akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, uthibitisho wake mwenyewe aliofundisha miaka yote. Wajina akauandika kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Minane ikawa kijani. Wa tisa ukawa mwekundu.

Mwalimu mmoja kijana akasema, “Labda mtandao.” Wajina akasema hapana, haitumii mtandao. Mwalimu Mgaya akacheka kwa upole. “Mashine ya mtoto bado changa. Haijanielewa.”

Wajina alinitazama. Alikuwa na miaka mitano usoni. Akasema, “Mwalimu, kanuni zake ni zilezile alizonazo bibi yangu kwenye kadi. Yeye anaweza kuupitia kwa mkono, mbele yenu.”

Walicheka, kicheko kizuri, si cha dharau. Wakanisogezea kiti. Nikavaa miwani, nikatoa kadi kwenye mfuko wa rambo, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Sijui ile hesabu ilikuwa inahusu nini, na sikuhitaji. Nilishuka taratibu, chai zao zikapoa. Minane ikapita, nikaweka alama nane. Nikafika wa tisa. Ulianza na maneno mawili: Ni dhahiri. Nikatafuta kwenye kadi zote kumi na saba, moja baada ya nyingine, nikazigeuza hata nyuma, penye picha ya sabuni. Kisha nikavua miwani.

“Mwalimu,” nikasema, “hakuna kadi ya ‘ni dhahiri’. Mstari wa tisa siupitishi.”

Kuna aliyekohoa. Mwalimu Mgaya akasogeza kiti chake, akainama karibu nami, bila hasira, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka ngazi. “Bibi,” akasema, “ile ni mashine, naielewa. Lakini wewe ni mtu. Mtu anaona. Nimewafundisha hawa wote kwa mstari huu, na hakuna aliyeuliza. Mjukuu wako amefanya kazi nzuri sana, na sisi hapa tunataka kumpokea leo. Tumalizie tu vizuri. Huoni kwamba ni dhahiri?”

Nilimtazama wajina. Alikuwa amesimama na kamba ya kompyuta mkononi, anaikunja na kuikunjua, wala haniombi kitu. Walimu wote kumi na watano walikuwa wanatazama mdomo wangu. Nikavaa miwani tena, nikarudisha kidole pale pale.

“Mwalimu, hakuna kadi ya ‘ni dhahiri’. Mstari wa tisa siupitishi.”